Hisabu ya Maji kwa Msafiri wa Miguu Alalaye Njiani

Msafiri aondokaye Longisa kwa miguu, mzigo mgongoni, kwa nia ya kulala njiani usiku mmoja, aghalabu huhadaika na ukijani wa nchi hii. Kwani magharibi ya Longisa upo mto Nyangores, na mashariki, huko Mulot, upo Amala, mito miwili itokayo msitu wa Mau na kukutana ikawa mto Mara, naye hudhani kwamba maji hayatamkosa. Dhana hiyo ina hatari. Vijito vya katikati hupungua na vingine hukauka wakati wa kiangazi, hasa Januari na Februari. Na mvua za masika zishukapo, mito yenyewe huchafuka kwa udongo na samadi ya ng'ombe wanyweshwao humo.

Basi maji hayapimwi kwa urefu wa safari nzima, bali kwa mwendo uliopo baina ya maji ya kuaminika na mengine mfano wake. Mathalan, mwenye kuondoka saa tatu asubuhi na kutembea saa tano, akinywa nusu lita kila saa, atahitaji lita 2.5; ugali, chai na kunawa vitataka lita 2; usiku lita 1; na mwendo wa asubuhi kabla ya kufika penye maji, lita 1. Akiongeza lita 1 ya akiba, jumla ni lita 7.5, nazo ni kilo 7.5 mabegani. Walakini akiwa na yakini kwamba hapo alalapo pana maji, lita 3.5 zamtosha, na kilo nne nzima zimemwondokea. Ayagawe katika chupa kadhaa, maadamu mtungi mmoja ukipasuka huondoka na maji yote.

Maji ya mtoni kwanza yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe. Na kwa kuwa vilima vya kuelekea Mau hupita mita 2,000, ambako maji hutokota kabla ya kufikia joto yanalotokotea huko pwani, yaachwe yatokote dakika tatu kamili. Asiye na kuni wala jiko atie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, angoje nusu saa. Lakini moto wala klorini haviondoi sumu ya kunyunyizia mimea. Kwa hiyo usichote kamwe katika mitaro iliyo chini ya mashamba, hata maji yakiwa maangavu.

Usingoje kiu ikulemee. Mkojo ukishakuwa na rangi ya chai ya mkandaa, mwili umekwisha pungukiwa na maji. Pumzika kivulini, unywe kidogo kidogo.

Na kabla ya kufunga mzigo, waulize wenyeji wachotao maji kila alfajiri ni chemchemi ipi na bomba lipi lingali na maji juma hili, tena uombe ruhusa ya kuchota.