Tangawizi isiishie sokoni tu: namna ya kuitumia jikoni kwetu



Tunalima tangawizi, tunaipakia mu mifuko, tunaipeleka sokoni, halafu tunarudi nyumbani kunywa chai kavu. Wakati wa mavuno kila mutu analeta mali kwa mara moja, mununuzi anashusha bei anavyotaka, na ile midogo ao iliyovunjika anaikataa. Inarudi nyumbani, inakaa mu pembe, inanyauka, ingine inaota kuvu, mwisho tunaitupa. Somo la leo ni juu ya ile iliyokataliwa. Utamu wake ni uleule. Umbo tu ndilo halikumupendeza mununuzi.

Kwanza tujue tangawizi gani tunashika mukononi. Ile inayochimbwa kisha miezi 5 ao 6 ni laini, ngozi yake ni nyepesi, haina nyuzi mingi, na ukali wake ni kidogo. Hiyo ni nzuri kwa mboga na kwa watoto. Ile ya miezi 8 mpaka 10 imekomaa, ina nyuzi na ukali. Hiyo ndiyo ya kukausha na ya kukamua. Usiimenye kwa kisu kama muhogo, juu utatupa nyama pamoja na ngozi. Ioshe vizuri kwa maji safi, kisha ikwangue na kijiko. Ngozi inatoka yenyewe.

Tuanze na chai, juu ndiyo kila mutu anasema anajua kuipika. Mimi pia nilisema najua. Siku moja nilitia tangawizi mbichi iliyotwangwa mu maziwa ya moto, maziwa yakakatika vipande vipande. Nikamukasirikia mama aliyeniuzia maziwa, nikasema ameniletea ya jana. Kumbe kosa lilikuwa langu. Tangawizi mbichi ina kitu ndani yake kinachokata maziwa, lakini moto unakiua. Basi fuata njia hii: twanga kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kitie mu litre moja ya maji, acha vichemke dakika 10. Kisha tia majani ya chai, na maziwa mwisho kabisa. Kama hauna maziwa, weka sitroneli na ndimu kidogo, inatosha.

Kile kinachokata maziwa ndicho kinalainisha nyama, na hapa ni faida. Kuku mzee ao mbuzi mugumu, mupake tangawizi iliyotwangwa pamoja na chumvi, kijiko kikubwa kimoja kwa kilo moja ya nyama, acha nusu saa kabla ya kupika. Usiache usiku muzima, nyama itakuwa kama uji. Kwa kuni na makala namna zilivyo bei leo, nyama inayoiva mbio si jambo dogo. Samaki nayo inapata faida: sambaza ao ndakala ukiziosha, ukatia tangawizi na ndimu, harufu nzito inapungua.

Mu sombe na mu maharagi, wakati wa kuitia ndio unaamua utamu. Ukiitia mwanzo, ukali unapungua, inabaki harufu tamu. Ukiitia dakika chache mbele ya kuepua, inauma ulimi. Mu nyumba yenye watoto wadogo, itie mwanzo. Mu uji wa mahindi na soya, kipande kidogo kama ukucha kinatosha sufuria nzima. Kitoe mbele ya kuwapa watoto.

Sasa tufike kwenye maji ya tangawizi, ile watu wa Kinshasa wanaita tangawisi. Hapa nitakaa kidogo, juu banamama wengi wanaitengeneza ya kuuza, na hapa ndipo kuna hatari.

Chukua robo kilo ya tangawizi iliyokomaa, ioshe, itwange mu kinu ao ikwangue. Tia juu yake litre moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, koroga, kamua na kitambaa safi. Weka yale maji mu sufuria, uyaache saa moja bila kuyagusa. Utaona unga mweupe umekaa chini. Huo ni wanga wa tangawizi. Mwaga polepole maji ya juu mu sufuria ingine, uache unga chini. Wengi wanaruka hatua hii, halafu kinywaji kinakuwa kizito na kinakwaruza koo. Ule unga usiutupe, unafaa kwa kufanya mchuzi uwe muzito.

Makapi yaliyobaki mu kitambaa bado yana nguvu. Yachemshe dakika 15 mu litre mbili za maji, pamoja na maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri kama unayo, uchuje, uache ipoe, kisha uchanganye na yale ya kwanza. Tia ndimu 3 na sukari gramu 300. Onja. Kama inauma sana, ongeza maji yaliyochemshwa. Yaliyochemshwa, narudilia tena.

Watu wanafikiri ukali wa tangawizi unaua mikrobe ya mu maji. Hapana. Sisi tunaokaa karibu na maziwa makubwa, kuanzia Goma mpaka Uvira na Kalemie, tunajua kipindupindu. Tangawizi na ndimu haviwezi kusafisha maji ya kisima ao ya ziwa. Mutu akichemsha makapi vizuri, halafu akaongeza maji mabichi ya bidoni ili kinywaji kiwe kingi, kazi yote imeharibika, na akipeleka sokoni, anaweza kuleta ugonjwa mu nyumba makumi. Hata kopo za wateja zioshwe na maji safi yenye sabuni, si kuchovywa tu mu ndoo moja toka asubuhi mpaka jioni.

Bila frigo, kinywaji hiki kinyweke siku ileile. Kesho yake kinaanza kuchacha, chupa inavimba kwa hewa, na ya kioo inaweza kupasuka mukononi. Tengeneza kile unaweza kumaliza.

Kama tangawizi ni mingi kupita mahitaji ya juma, ikaushe. Ikate vipande vyembamba, karibu milimetre 4, uitandaze juu ya meza ao kitanda cha miti, si chini, ufunike na chandarua safi juu ya nzi na vumbi. Jioni iingize ndani. Iko tayari wakati kipande kinavunjika kwa sauti. Kama kinapinda tu, bado. Kilo 5 mbichi zinatoa karibu kilo 1 kavu, basi usishituke ukiona kitunga kimekuwa kidogo. Twanga, chekecha, weka mu chupa kavu yenye kifuniko. Unga huu ni mukali kuliko mbichi: robo ya kijiko kidogo inachukua nafasi ya kijiko kikubwa cha ile mbichi. Ukiona kuvu, hata kama ni kidogo, tupa. Kukwangua kuvu na kuendelea kutumia si akiba, sumu yake inaingia ndani na moto hauitoi yote.

Watu wanauliza pia juu ya dawa. Tangawizi inasaidia mutu mwenye kichefuchefu, na chai yake inafariji koo wakati wa mafua. Mama mwenye mimba anaweza kunywa kikombe chepesi asubuhi, lakini kwanza aulize kwenye kituo cha afya, na asitumie unga kwa wingi. Mwenye tumbo linalochoma akae mbali nayo. Anayekunywa dawa za kuzuia damu isigande, ao anayengoja operesheni, amuambie muganga kwamba anaitumia. Na kwa homa ya mutoto, tangawizi haiponyeshi malaria. Kila siku mutoto anayonyweshwa tangawizi nyumbani badala ya kupimwa ni siku ugonjwa umepewa. Mupeleke kwanza, chai itangoja.

Jambo la mwisho. Mbele ya kupeleka kitunga jikoni, chagua mbegu. Tangawizi haipandwi kwa punje, inapandwa kwa vipande vyake yenyewe, na kila mwaka kuna mutu anayekula mbegu yake halafu anakuja kuomba kwa jirani. Tafuta vizizi vinene, visivyo na madoa wala sehemu laini, vyenye macho mawili ao matatu, kutoka mashina ambayo hayakunyauka shambani. Vizike mu muchanga wenye unyevu kidogo, mahali pa kivuli, uviangalie kila juma na kutoa kinachooza. Vingine vyote, mama, vipeleke kwenye sufuria.