SOMO LA FAMILIA: KULIPA DENI KWA MPANGO

Mafungu ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 4:1-7, Kumbukumbu la Torati 24:6 na 10-13, Nehemia 5:1-13, Mithali 6:1-5.

Mwezi huu tunasoma juu ya jambo ambalo karibu kila nyumba inalo, lakini ni wachache wanaolitaja hata katika maombi: deni. Tunaombea mgonjwa kwa jina lake na msafiri kwa jina lake. Mtu mwenye deni husema tu, “Niombeeni, nina mzigo.” Mzigo huo una kiasi, una mwenyewe, na una siku ya kudaiwa. Hayo matatu ndiyo tutakayoyashughulikia.

Tuanze na mjane wa 2 Wafalme 4. Mumewe alikuwa mmoja wa wana wa manabii, tena mcha Mungu, lakini alikufa akidaiwa. Mdai akaja kuchukua watoto wawili wawe watumwa wake. Angalieni kwamba Elisha hamkemei mama huyu, wala hamwulizi mumewe alikula nini. Anauliza maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Tunalisema hili kwa sababu wako wanaofikiri kwamba mwenye deni ni mwenye dhambi, hivyo wanajificha. Aliyekopa unga ili watoto wale hajamkosea Mungu. Yako madeni mengine ambayo hatutayatetea, kama kukopa kwa ajili ya sare za harusi na picha za video. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini deni la chakula ni deni la kuishi, na mwenye nalo ainue uso.

Sasa tuitazame hali yetu hapa. Bamba Chakula ilipoanza Kakuma mwaka 2015, sehemu ya mgawo ilikuja kama fedha ya chakula kwenye laini ya simu, na baadaye familia nyingi, hasa Kalobeyei, zikapewa kadi za benki. Fedha hiyo ilimalizika kabla ya mwezi kuisha, na mwenye duka alikubali kukopesha. Ili awe na uhakika, alishika laini au kadi, na mara nyingi na namba ya siri pia. Mkopo huo umeokoa watu wengi, ni lazima tuseme kweli. Lakini ulileta minyororo miwili. Wa kwanza, aliyeshikwa kadi hawezi kununua duka jingine hata kama bei ni nafuu. Tuseme maharage ni shilingi 130 kwa kilo kwa jirani, na kwa mdai wako ni 150. Ukinunua kilo 10 kwa mwezi, umelipa 200 zaidi, na haikuandikwa popote kwamba ni riba. Wa pili, mara nyingi daftari la deni liko kwa mwenye duka peke yake. Wako wanaodaiwa miaka bila kujua ni kiasi gani.

Kisha mgawo ukapunguzwa. Mwaka 2025 familia zilipangwa kwa makundi, nyingine zikapungukiwa sana. Kadi iliyoshikwa haikuweza tena kulipa deni kama ilivyotarajiwa. Mwenye duka naye ana muuza jumla anayemdai, na wengi wa wenye maduka ni wakimbizi kama sisi, wengine tunakaa nao benchi moja kanisani. Kwa hiyo, wapendwa, msihesabu mgawo kama fedha ya kulipia deni. Mgawo hauko mikononi mwetu. Mpango usimame juu ya kile mnachopata kwa mikono yenu, hata kama ni kidogo: kufua, kusuka nywele, kushona, kibarua cha ujenzi, bodaboda, posho ya kazi katika mashirika.

HATUA YA KWANZA NI KUANDIKA. Baba na mama wakae pamoja, mlango umefungwa, kama mjane alivyofunga mlango akiwa na wanawe. Chukueni daftari. Andikeni kila deni: jina la mdai, kiasi kilichobaki, kama kina riba na ni kiasi gani kwa mwezi, ameshika nini, na siku mliyoahidi. Hapa ndipo nyumba nyingi hutetemeka, kwa sababu baba ana deni ambalo mama halijui, au mama amechukua fedha ya kikundi bila kumwambia baba. Litajwe siku hiyo, na siku hiyo pasiwe na ugomvi. Deni lililofichwa huharibu hesabu yote, na mpango utavunjika mwezi wa pili. Halafu nendeni kwa mwenye duka mwombe kulinganisha daftari lake na lenu, mstari kwa mstari, kwa upole. Hilo ni haki yenu.

HATUA YA PILI ni kujua kinachobaki. Hesabuni fedha inayoingia mkononi kwa mwezi wa kawaida, msichukue mwezi mzuri. Toeni kwanza chakula, makaa au kuni, sabuni, dawa na mahitaji ya shule. Msiahidi kulipa kwa njaa ya watoto, kwa maana ahadi ya namna hiyo haitimizwi; baada ya wiki mbili mtakopa tena kwingine. Neno la Elisha kwa yule mjane lilikuwa na sehemu mbili: alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kile kilichobaki.

HATUA YA TATU ndiyo wengi wanakosea, basi twende polepole kwa mfano. Familia hii ni ya mfano tu, msitafute ni nani. Inadaiwa dukani 8,400, na kadi imeshikwa. Inadaiwa na mkopeshaji wa mtaani 3,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Waliotoka Bukavu, Uvira au Bujumbura wanamjua mtu wa namna hii kwa jina la Banque Lambert. Hana jengo wala bango, lakini riba yake hailali. Tena kuna 2,400 za kikundi cha kuweka na kukopa, na 700 za jirani. Jumla ni shilingi 14,500. Baada ya mahitaji, familia inabaki na 1,800 kwa mwezi.

Wengi watasema, tugawe sawa: 450 kwa kila mdai, asiwepo wa kulalamika. Inaonekana ni haki. Lakini riba ya mkopeshaji kwa mwezi mmoja ni 600. Wakimpa 450, deni la 3,000 linakuwa 3,150. Mwezi wa pili linakuwa 3,330. Wamemlipa shilingi 900, na deni limepanda kwa 330. Hivyo ndivyo mtu anavyolipa mwaka mzima na bado anadaiwa.

Sasa wafanye hivi. Wamwombe jirani asubiri miezi minne. Dukani wakubaliane 400 kwa mwezi, na kikundi 200. Zinabaki 1,200, zote ziende kwa yule ambaye deni lake linazaa. Mwisho wa mwezi wa kwanza anadai 2,400, wa pili 1,680, wa tatu 816. Mwezi wa nne wanamlipa 979 na hesabu yake imefungwa. Zile 221 zinazobaki zinamfikia jirani mwezi huohuo. Mwezi wa tano jirani anamaliziwa 479 zake, na 721 zilizobaki zinaongezwa kwenye 400 za duka. Kuanzia mwezi wa sita duka linapata 1,600 kila mwezi, na kikundi kinaendelea na 200. Mwezi wa tisa madeni yote manne yamekwisha, na kuna shilingi 121 mkononi. Kaeni na penseli mpige wenyewe hesabu hii kabla ya kupiga ya kwenu.

Mikopo ya simu nayo iwekwe katika kundi la madeni yanayozaa. M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu akisikia asilimia 7.5 anaona ni kidogo, akisahau kwamba ni ya mwezi mmoja wala si ya mwaka.

HATUA YA NNE ni kwenda kwa mdai kabla hajaja. Soma Mithali 6. Aliyejifunga kwa ajili ya mwenzake anaambiwa aende, ajinyenyekeze, amsihi, asiupe usingizi nafasi, kama paa anayejitoa mkononi mwa mwindaji. Sisi tunafanya kinyume chake. Tunabadilisha njia ya kwenda kisimani, tunamtuma mtoto aseme mama hayupo. Mtoto anajifunza kudanganya, na mdai anajua kwamba mama yupo. Nenda asubuhi wakati duka halina watu. Nenda na daftari, na malipo ya kwanza mkononi, hata kama ni shilingi 100 tu, kwa sababu maneno matupu amekwisha kuyasikia. Unaweza kusema hivi: “Mzee, nimekuja juu ya deni langu. Nimeandika yote ninayodaiwa. Kila tarehe 5 nitakuletea 400 kwa miezi minne, baadaye nitaongeza. Naomba usiniongezee kitu, nami sitakopa tena hapa mpaka nimemaliza.” Mkikubaliana, andikeni nakala mbili, mweke sahihi au dole gumba, na awepo shahidi mmoja ambaye wote mnamwamini. Kila malipo yaandikwe siku hiyohiyo katika madaftari yote mawili.

Na kadi je? Hapa tunasema na wale wanaokopesha, maana nao wanalisoma jarida hili. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake. Sababu iko wazi. Ukichukua jiwe, umechukua unga wa kila siku, na mtu asiye na unga hatakulipa. Kadi ya chakula ni jiwe la kusagia la nyumba ya mkimbizi. Unaweza kudai fedha yako, hiyo ni haki yako na hakuna anayeikataa, lakini usishike chakula cha watu. Kama ni vigumu kuirudisha leo, kubalianeni kiwango: deni likifika nusu, kadi irudi. Katika mfano wetu, deni la duka linashuka chini ya nusu mwezi wa sita. Na mwenye kadi, siku inaporudi, badilisha namba ya siri bila kuona haya.

Nehemia naye aliwakuta ndugu wakiweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Hakuwaambia maskini wavumilie. Aliita mkutano, akawaambia wakopeshaji warudishe mashamba, na ile sehemu ya mia waliyotoza. Akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha watu fedha na nafaka.

Tumebakiwa na nyumba moja ngumu. Kuna familia ambayo ikimaliza kuhesabu haibakiwi na 1,800, wala na 100. Inabaki chini ya sifuri. Mjane mwenye watoto wadogo, mzee asiye na mtu, mgonjwa. Kwao tusihubiri nidhamu ya fedha. Mpango wao ni kuomba muda kwa maandishi, riba isimame, na mtu wa kanisa aende pamoja nao kwa mdai, kwa kuwa mtu wa peke yake husikilizwa kidogo. Jirani za yule mjane hawakumlipia deni. Waliazima vyombo vitupu, kitu kisichowapunguzia chochote, lakini bila vyombo hivyo mafuta yangemiminwa wapi? Nani hapa ana cherehani inayolala mchana? Nani ana beseni mbili, au kiwanja kidogo chenye maji karibu? Wenye likelemba wanaweza pia kumpa zamu ya kwanza yule mwenye deni la riba, badala ya kupiga kura. Yeye akimaliza mapema, ataendelea kuchanga akiwa na moyo mwepesi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI VYA NYUMBANI

Je, katika nyumba yako ni nani anayejua jumla ya madeni yote?

Deni lipi kati ya yenu linazaa, na lipi limelala? Mmekuwa mkimlipa nani kwanza, yule mwenye riba au yule mwenye kelele?

Soma Kumbukumbu la Torati 24:10-11. Mdai anaambiwa asimame nje, asiingie nyumbani kuchukua rehani. Kwa nini unadhani ni hivyo?

Wewe unayedai wengine: ni kitu gani cha mwenzako kiko katika sanduku lako leo?

Wanaohitaji msaada wa kuandika daftari waje kanisani baada ya ibada ya Jumapili. Mzee wa kanisa na mama wa umoja wa wanawake watakuwepo. Njoo na kalamu, na kama una karatasi yoyote kutoka dukani, ije nayo.