Mnana na Kiota Chake

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba si kila elimu hupatikana kwa kufungua kitabu. Iko ipatikanayo kwa kukaa kimya uani na kutazama. Na katika ndege wa pwani walio karibu mno na watu ni mnana, afumaye kiota chake katika makuti ya mnazi.

Mwenye kutaka khabari zake na akae mbali kidogo, baada ya sala ya alfajiri. Asinyooshe mkono wala asipaze sauti, kwani ndege akishtuka huacha kazi yake.

Ataona kwanza kuwa mfumaji ni dume, mwenye rangi ya manjano na kichwa cheusi. Huuma ukingo wa jani bichi, kisha akaruka nalo, ukachanika uzi mrefu. Kwa nyuzi hizo hufanya kitanzi, akasimama ndani yake, akafuma mbele chumba cha mayai, na nyuma mlango unaoelekea chini. Kazi ikisha, hujining'iniza mlangoni akapiga mbawa, kumwita jike. Jike huingia akakikagua kiota. Akiridhia, hutandika majani laini, kisha hutaga. Asiporidhia, huenda zake. Na kiota kikikauka hatta kikageuka rangi pasina kukubaliwa, dume mwenyewe hukifumua, akaanza kingine.

Na yuko ndege wa jamii ya kekeo, asiyejenga, ajaye kwa siri kutaga katika kiota cha mnana. Lakini jike hulijua yai lake kwa rangi na madoadoa. Aonapo lisilofanana nalo, hulitupa.

*Suala:* Je, yafaa kuwaacha watoto waangushe viota na kuchukua makinda wayachezee?

*Jawabu:* Haifai. Amepokea Abu Dawud kwa Abdallah bin Masud ya kuwa Masahaba safarini walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akipapatika. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa wanawe, akaamrisha arudishiwe.

Akisema mtu: Mbona Abu Umair, nduguye Anas bin Malik, alikuwa na ndege wa kuchezea, wala hakukatazwa? Aambiwe: Ndiyo, na Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafii aliyekufa mwaka 335 Hijria, alitoa katika hadithi hiyo faida 60. Lakini wanavyuoni wameshurutisha ndege apewe chakula na maji, wala asiteswe. Na kinda lisilo manyoya, liondolewapo kwa mama yake, nani atalilisha? Hufa kabla ya jioni.

Na mtoto hajafikiwa na sharia. Atakayeulizwa ni baba aliyeona akanyamaza. Basi amwonapo mwanawe na fimbo chini ya mnazi, asimpige. Na amwite, amkalishe kando yake, watazame pamoja. Aliyekwisha kumwona mnana akifuma tangu uzi wa kwanza, mkono wake utaona haya kukiangusha kiota.

Wallahu aalam.