Kidonda Nacho Kinahitaji Kupumua



Katika matembezi yetu tulimkuta mzee ameketi juani, kidonda cha mguu kikiwa wazi. "Nakipa hewa kikauke," akatuambia. Kilikuwa na miezi 4. Alipopimwa, kumbe ana ugonjwa wa sukari. Vidole viwili vilikatwa. Ndiyo maana leo tunajifunza juu ya kidonda na hewa.

Ni kweli kidonda kinahitaji oksijeni, ile sehemu 21 hivi katika kila 100 za hewa. Bila hiyo nyama mpya haioti, na mwili haupati nguvu ya kuua viini. Lakini oksijeni hiyo huletwa hasa na damu, kutoka ndani. Ya nje hukwama kwenye usaha na kigaga. Mwaka 1962, George Winter wa Uingereza alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi upesi, karibu mara mbili ya kilichoachwa wazi.

Basi kidonda kikikaa miezi, mara nyingi damu haifiki vizuri. Sukari na sigara huharibu mishipa. Mguu uliovimba nao huchelewesha kupona.

Siku hizi kuna njia za kupeleka oksijeni hapo hapo kidondani. Ulaya hutumika dawa ya kupuliza yenye himoglobini, ile inayoifanya damu kuwa nyekundu. Hushika oksijeni ya hewa na kuipitisha kwenye majimaji ya kidonda. Watafiti wanajaribu pia jeli zinazotoa oksijeni kidogo kidogo. Ni msaada mzuri. Lakini sukari isiposhuka na nyama iliyokufa isipoondolewa, ni kama kutia mbolea shamba lisilopaliliwa.

Sisi tufanye nini?

1. Tuoshe kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, tukifunike kwa bendeji safi.
2. Tusitie unga wa betri, kinyesi cha ng'ombe wala spiriti.
3. Kikipita wiki 2 bila kupungua, twende zahanati tupimwe sukari. Mwenye sukari asingoje hata siku moja.

Maswali ya kujadiliana:

- Je, kuna jirani anayeficha kidonda kwa aibu ya harufu? Nani atamtembelea?
- Mfuko wa kikundi unaweza kumsaidia nauli?

Usipoziba ufa utajenga ukuta.