Kabla Hujampa Kijana Bomba la Dawa

Ukitaka kujua kama kijana wako amefundishwa kazi, ngoja nozeli izibe. Akiifungua, akaitia mdomoni na kuipuliza mpaka izibuke, basi hakufundishwa. Alipewa bomba tu. Anayefanya hivyo si mjinga. Amemwona babu yake akifanya vilevile, na hicho anachokipuliza kinaitwa dawa. Tangu utotoni anajua kwamba dawa huponya.

Kwa hiyo kumfokea hakusaidii. Sumu ikikauka kwenye shati haionekani, na vijidudu vya zizini, anakohudumia ng'ombe, havionekani kabisa. Kazi yako wewe unayefundisha katika vihamba vya Old Moshi, yaani mashamba ya kahawa ya nyumbani, ni kukifanya kisichoonekana kionekane. Mbinu hizi hazihitaji semina wala posho.

1. Tazama umri, kisha punguza sumu

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa kazi ya hatari mtu aliye chini ya miaka 18. Aliye sekondari apewe kupalilia na kuchuma. Bomba asilibebe, hata kama ni mwanao na kihamba ni chenu. Halafu jiulize kama bomba lenyewe linahitajika sana. Mibuni ya zamani hupigwa dawa msimu baada ya msimu kwa sababu ya chulebuni na kutu ya majani. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyopo Lyamungu, imetoa miche inayostahimili magonjwa yote mawili. Dawa ambayo haikupigwa haimdhuru mtu.

2. Mpe maji mekundu

Nunua rangi nyekundu ya chakula, kama ile ya kukolezea ubuyu. Ikoroge katika bomba ambalo halijawahi kutiwa dawa. Mvishe kijana fulana nyeupe kuukuu, umwache apige mistari miwili ya mibuni kama alivyozoea. Usimkosoe.

Akimaliza, itandazeni fulana juani muisome pamoja. Mgongo umelowa, maana mfuniko wa bomba unavuja. Mapaja yana madoa, maana amepita katikati ya matawi aliyokwisha kuyapiga. Kila alipoinua fimbo ya bomba kufikia matawi ya juu, maji yalimteremkia mkononi mpaka kwapani. Sasa mwombe simu yake. Ikiwa aliipokea akiwa kazini, nayo ni nyekundu, na sikio lake pia.

Kila doa litaje kinga yake. Mgongo unadai mpira mpya wa mfuniko, na mapaja yanadai vazi lisilopenya maji. Glavu zipite juu ya mikono ya shati, pindo likunjwe lidake matone. Suruali ikae nje ya buti, si ndani. Uso unadai miwani na kipumulio chenye chujio. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Simu ibaki nyumbani. Kazi ianze asubuhi na mapema, kabla upepo wa kutoka tambarare haujaanza kupanda mlima.

Nozeli iliyoziba isafishwe kwa maji na brashi laini, kijana akiwa amevaa glavu.

3. Asome lebo kwa sauti

Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda isiingie kihambani. Haina maelekezo, na mtoto akiiona ataona soda. Chupa halali inaonyesha kuwa dawa imesajiliwa, usajili unaosimamiwa siku hizi na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Mwonyeshe mkanda wa rangi kwenye lebo. Nyekundu ni sumu kali kupita zote, njano huifuata, kisha bluu, na kijani ni ya chini kabisa. Kijani nacho si ruhusa ya kuchanganya kwa mkono mtupu. Akueleze mwenyewe kipimo, na siku ngapi zipite kabla ya kuchuma.

4. Alifuate jani la isale

Vijana wengi husuuza bomba mfongoni, yaani kwenye mfereji wa maji, kwa sababu maji yapo karibu. Chuma jani la isale uani, litupe mfongoni, mwambie alifuate. Atashuka nalo mpaka penye ng'ombe wa jirani, au penye mama anayechota maji ya kuoshea vyombo. Huhitaji kuongeza neno. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji yake yarudishwe ndani ya bomba, kisha itobolewe ili isije ikatiwa maziwa wala mbege.

5. Zizini tumia masizi

Mpake masizi ya sufuria viganjani, umwache afanye kazi za kawaida: kukata majani, kuzoa samadi, kukamua. Baada ya nusu saa tafuteni masizi yamefika wapi. Utayakuta puani, mdomoni na kwenye kishikio cha kikombe. Vijidudu hupita njia hiyohiyo.

Hatari kubwa huja mnyama anapozaa au kutupa mimba. Kijana asishike kondo la nyuma bila glavu ndefu. Alizike kwa kina ambacho mbwa hawatalifukua. Kidonda kifunikwe, buti zivaliwe kwenye tope lenye mkojo wa wanyama, na maziwa yachemshwe.

6. Mfundishe la kumwambia daktari

Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwapima wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, hapo Moshi mjini. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vilionyesha kwamba kati ya wote 870, malaria ndiyo iliyowaumiza 14 tu. Miongoni mwa wengine ilipatikana brusela, homa ya Q, na leptospirosi, ambayo Watanzania waliisikia kwa jina la Homa ya Mgunda ilipozuka Lindi mwaka 2022. Mwenye homa aseme mapema: “Nahudumia ng'ombe, na wiki iliyopita mmoja alitupa mimba.”

Aliyepiga dawa akitokwa na mate na jasho jingi, akatapika, kifua kikambana, mvueni nguo, mwosheni kwa maji na sabuni, mumkimbize hospitali pamoja na chupa yenye lebo. Msimtapishe. Wala msimnyweshe maziwa. Wengi huyaamini, lakini hayaondoi sumu.

7. Mwachie somo

Kijana mwingine akija kazini, usimfundishe wewe. Mkabidhi yule wa kwanza rangi nyekundu na fulana kuukuu, nawe ukae pembeni. Ngoja nozeli izibe, umtazame anainyoosha wapi mikono yake: mdomoni, au kwenye ndoo ya maji.