Fedha za Mradi wa Darasa Zitoke Wapi?

Swali: Wanafunzi wangu wa gredi ya nane, hapa Kenya, wanataka kuzungushia ua kisima cha kijiji. Je, tuombe wafadhili?

Jibu: Wafadhili wawe wa mwisho. Marekani, mpango wa serikali ulioitwa Learn and Serve America ulizipa shule ruzuku kwa miradi ya namna hii hadi Bunge lilipoukatia fedha mwaka 2011. Aliyetegemea mfuko huo pekee aliachwa mikono mitupu. Kwa hiyo anzeni na hesabu ya vitu: nguzo, seng'enge, misumari, majembe ya kuazima, fundi wa siku moja. Wanafunzi waulize bei dukani, wapige hesabu katika somo la hisabati (ndipo mradi unapokuwa masomo, si kibarua), kisha waipeleke kwa kamati ya maji na bodi ya shule. Fedha ziombwe kwa kile tu kilichokosekana. Mtaniambia wazazi wamechoka kuchangishwa. Ni kweli, na mtoto asifukuzwe darasani kwa sababu ya mchango wa mradi. Lakini wanaoteka maji pale ni wengi kuliko wazazi wa darasa moja; mwenye nguzo atoe nguzo, asiye nayo achimbe shimo. Risiti zibandikwe ubaoni, hata ya misumari.