Kiporo cha Nyama: Kuigandisha na Kuipasha Moto

Shughuli inapokwisha katika vijiji vya Kata ya Madimba, iwe harusi, maulidi au Idi, sufuria kubwa ya nyama mara nyingi hulala jikoni hadi asubuhi, kwa kuwa wenyeji wamechoka. Hapo ndipo kiporo kinapoharibika, kabla hata hakijafika kwenye friza.

Kupika huua vijidudu vingi, ila mbegu za baadhi yake hustahimili kuchemshwa. Nyama iliyo katikati ya sufuria hupoa polepole, na kati ya nyuzi joto 60 na 5 mbegu hizo huamka na kuzaliana. Vijidudu vingine huacha sumu isiyoondolewa na moto. Friza nayo, hata ikifikia nyuzi 18 chini ya sifuri, husimamisha vijidudu bila kuviua. Nyama iliyochacha hutoka ikiwa imechacha.

Ladha ni suala jingine. Maji yaliyomo ndani ya nyama huwa chembe za barafu, na yakiganda polepole chembe hizo huwa kubwa na kupasua nyuzi za nyama. Ikiyeyuka, nyama huvuja maji na kubaki kavu. Mafuta yake yakipigwa na hewa huleta harufu ya uchakavu inayojitokeza inapopashwa. Ndiyo maana nyama iliyozama katika mchuzi hudumu kuliko ya kuchoma. Tui, hata hivyo, hukatika likigandishwa; afadhali nyama ihifadhiwe kabla ya kuungwa nazi.

Basi nyama igawanywe katika vyombo vidogo visivyo na kina, ipoe, ifunikwe na kuwekwa kwenye friza ndani ya saa mbili. Kila chombo kitoshe mlo mmoja, kwa sababu kila inapopashwa upya nyama hupoteza utomvu wake. Inapopashwa, mchuzi uchemke na pande la nyama liwe moto hadi katikati, uvuguvugu hautoshi.

Umeme ukikatika, jambo lisilo geni hata katika kata yenye mtambo wa kusafisha gesi, friza isifunguliwe. Iliyojaa hutunza baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama yenye chembe za barafu bado inaweza kupikwa. Iliyolegea na kupoteza baridi kwa zaidi ya saa mbili hutupwa, hata kama hainuki.